Spinoza, fundi wa vioo

Wengi kati yetu tukisikia neno filozofia tunawaza mutu wa suti na wa maneno magumu. Sisi tumechagua kuwapasha habari za mutu aliyekula kwa kazi ya mikono yake: Baruch Spinoza.

Alizaliwa Amsterdam, kule Uholanzi, mwaka wa 1632, katika jamaa ya Wayahudi waliotoka Ureno. Utotoni alisoma Kiebrania na Torati. Baadaye akajifunza Kilatini. Katika mwaka wa 1656 wakubwa wa sinagogi wakamufukuza juu ya mawazo yake, wakakataza Wayahudi wote kusema naye ao kusoma maandishi yake. Fikirini kidogo: kijana wa miaka 23, baba na mama wamekwisha kufa, na sasa watu wake wanamupa mugongo.

Hakurudi kuomba. Alishika kazi ya kusugua vioo vya mikroskopi na vya teleskopi. Ni kazi ya uvumilivu, kusugua polepole mpaka kioo kipate umbo lake, na unga wake unaingia kifuani. Hata Huygens, mutaalamu mukubwa wa nyota, alisifu vioo vyake. Mikono ikitulia, Spinoza alisoma na kuandika usiku.

Habari nyingi za maisha yake tunazipata kwa nani? Kwa pasta! Colerus, pasta wa Kilutheri katika muji wa Den Haag (njo ule tunaouita La Haye), alichukia sana mafundisho ya Spinoza, lakini aliuliza wenye nyumba alimopanga, na aliyoyasikia aliyaandika bila kuyaficha. Aliandika kwamba siku nyingine Spinoza alikula supu ya maziwa na siagi tu, na bia kidogo. Rafiki yake Simon de Vries alitaka apewe florini 500 kila mwaka. Yeye akasema 300 zinatosha. Mama mwenye nyumba alipomuuliza kama ataokolewa katika dini yake, alimujibu kwamba dini yake ni nzuri, asitafute ingine, bali aishi kwa utulivu na uchaji. Sisi pia hatumufuati anaposema kwamba Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja. Lakini jibu hili halikuwa la mutu wa kiburi.

Mwaka wa 1673 iniversite ya Heidelberg, Ujerumani, ikamwita awe profesere, na mushahara mzuri. Kati yetu nani angekataa? Yeye alikataa: aliona kufundisha vijana kutamunyima wakati wa kujifunza mwenyewe, tena hakujua ule uhuru waliomuahidi wa kusema mawazo yake utakuwa na mpaka gani.

Alikufa tarehe 21 Februari 1677, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka 44. Walipohesabu vitu vyake walikuta nguo chache, vyombo vya kusugulia vioo, na vitabu karibu 160. Meza yake ya kuandikia ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Mwenye nyumba aliituma Amsterdam, kwa muchapishaji, kama alivyoagizwa, na ndani yake mulikuwa kitabu chake kikubwa, Ethica. Kilitoka mwaka uleule. Hakikuandikwa jina lake lote, ila herufi tatu tu: B.D.S. Mwaka wa 1678 serikali ikakikataza, lakini watu walikuwa wamekwisha kukisoma.