Mtakatifu Bruno, Askari Aliyeanguka Akainuka



Kila tarehe 3 Juni tunaadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo kanisa hujaa, ngoma hulia, na sisi makatekista husimulia habari za wale Wakatoliki 22 waliokubali kufa kuliko kumkana Kristu. Lakini nimeona jambo moja hapa kwetu Magunga. Mume husikiliza, halafu hurudi nyumbani akisema moyoni kwamba utakatifu ni wa watu wa namna ile, siyo wa mlevi kama yeye. Mke naye anaukumbuka ulimi wake mkali, anakata tamaa. Ikiwa wewe ni mmojawapo, mwite mwenzi wako mketi pamoja, msome habari za mmoja wa mashahidi hao, Bruno Serunkuma.

Bruno alikuwa Mganda wa ukoo wa Ndiga, yaani Kondoo. Alikuwa askari katika kikosi cha kumlinda Kabaka Mwanga, aliyeanza kutawala Buganda mwaka 1884. Usimfikirie kama kijana mpole wa kwaya. Alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, na waliomfahamu walijua kasoro zake tatu: hasira kali, kupenda pombe ya ndizi na kupenda wanawake. Tena aliishi mahali ambapo mambo hayo hayakuwa aibu. Kuwa na wake wengi kulikuwa heshima, na pombe ilikuwa kinywaji cha kila baraza. Msomaji wangu wa pwani ya ziwa, wewe unayejua jinsi fedha za samaki zinavyoishia kilabuni kabla hazijafika nyumbani, utamwelewa Bruno upesi.

Mapadre Weupe walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879. Bruno alisikia mafundisho yao, akavutwa. Tarehe 15 Novemba 1885 Kabaka alimwua Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakristu pale ikulu. Mtu angedhani wakatekumeni wangetawanyika kwa hofu. Badala yake, wengi wao waliomba kubatizwa haraka, na Bruno alibatizwa Novemba hiyo hiyo. Alijua kwamba maji yale yangeweza kumgharimu uhai.

Sasa sikiliza kwa makini. Ubatizo ulimwondolea Bruno dhambi, lakini haukumbadilisha kuwa malaika. Hasira ilibaki mlangoni, kiu ya pombe ilibaki, na macho yake yalikuwa yale yale. Alipigana na kasoro zake kwa bidii, na kwa muda alizishinda. Halafu akaanguka. Alipewa wasichana wawili wa kuishi naye, akawapokea, akawaweka nyumbani kwake. Wakristu wenzake walihuzunika, wakamkanya. Mwanzoni hakuwasikiliza.

Hebu fikiria hali yake. Ni mtu aliyebatizwa juzi tu, katika wakati wa hatari, na tayari amewapa watu sababu ya kuicheka dini. Shetani ana maneno mawili ya kumwambia mtu wa namna hiyo. Kabla ya kuanguka humwambia kwamba dhambi ni jambo dogo. Baada ya kuanguka humwambia kwamba dhambi ni kubwa mno, Mungu hawezi tena kumpokea. Naamini neno hili la pili limewatoa watu wengi kanisani kuliko lile la kwanza. Wapo wazee katika jumuiya zetu walioacha kuja Misa miaka kumi iliyopita, na siyo kwa sababu hawaamini. Wanaona haya.

Bruno hakulikubali neno hilo la pili. Maonyo ya rafiki zake yalimchoma, na neema ya Mungu ikafanya kazi ndani yake. Aliwaondoa wasichana wale nyumbani kwake, akatubu, akarudi kundini. Hakuweza kujisifu kwa lolote, maana kila mtu alijua alikotoka. Lakini mtu asiye na la kujisifia ndiye hushika mkono wa Mungu kwa nguvu zaidi, kama mtoto anayevuka mto uliofurika.

Haukupita muda mrefu, saa yake ikafika. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Kabaka aliwataka waliokuwa wakisali wajitenge na wengine. Bruno alikamatwa pamoja na Karoli Lwanga na vijana wa ikulu, akahukumiwa kufa. Yule ambaye miezi michache nyuma alishindwa kuwakataa wasichana wawili, sasa hakumkana Kristu mbele ya mfalme. Nguvu hiyo hakuwa nayo mwenyewe. Ilikuwa ya kupewa.

Walifungwa, wakapelekwa kuelekea Namugongo. Inasimuliwa kwamba njiani kiu ilimshika Bruno sana, akamwomba ndugu yake, Bosa, kinywaji. Kinywaji kilipoletwa, kikiwa pombe ile ile ya ndizi aliyoipenda, Bruno hakukinywa. Alikumbuka kiu ya Yesu msalabani, akakiacha. Ona basi: hata mtu aliyekwisha hukumiwa kufa bado alikuwa na pambano lake la zamani. Mungu hakumwondolea ile kiu, alimpa nguvu ya kuishinda siku hiyo. Ndugu yake huyo huyo alimwachia neno ambalo Waganda hawajalisahau hadi leo: kwamba kisima chenye chemchemi nyingi hakikauki, na wao wakifa wengine watainuka mahali pao.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Sikukuu ya Kupaa Bwana, walichomwa moto wakiwa hai pale Namugongo. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kanisa lilimwandika Bruno katika orodha moja na Karoli Lwanga. Halikumweka pembeni kwa sababu ya anguko lake.

Na chemchemi zile hazikukauka. Mwaka 1903 Wamisionari wa Mill Hill kutoka Uganda walifika Kisumu, na imani ikaenea Nyanza hadi kwetu. Mwaka 1993 Jimbo letu la Homa Bay likazaliwa.

Wanandoa wapendwa, tujifunze nini hapa?

Kwanza, ukianguka, usikae chini. Nenda kwa padre ukaungame wiki hii, usingoje Pasaka. Mimi mwenyewe nina hasira ya haraka. Usiku mmoja nilisukuma sahani ya chakula mbele ya watoto, na asubuhi ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada. Nilitaka kujificha. Mke wangu aliniambia nimwombe radhi kwanza, kisha niende. Nilifanya hivyo, na tangu siku hiyo sali yangu ya kwanza asubuhi ni kuomba neema kwa ajili ya siku hiyo moja tu.

Pili, Bruno hakutubu kwa maneno huku wasichana wakibaki nyumbani. Toba ya kweli huondoa nafasi za dhambi. Badili njia inayokupitisha kilabuni. Vunja urafiki wa siri. Lakini usimtupe mtu kama takataka, maana naye ni mtoto wa Mungu, na kama kuna mtoto aliyezaliwa, wajibu wa kumlea ni wako.

Tatu, rafiki zake Bruno walimkanya wala hawakumfungia mlango aliporudi. Mke au mume wa aliyeanguka afanye hivyo: asifiche ukweli, wala asimkumbushe kosa lililosamehewa kila wanapogombana. Lakini kusamehe siyo kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute usalama na amweleze padre, wazee wa jumuiya na wakuu wa serikali. Neema haimwagizi mtu akubali kuumizwa.

Nne, msitegemee kwamba udhaifu utaisha upesi. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akaambiwa neema yamtosha. Msichoke kuomba. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja amtajie mwenzake udhaifu wake mmoja, siyo udhaifu wa mwenzake. Kisha msali pamoja Baba Yetu moja, mkimwomba Mtakatifu Bruno awaombee.

Yeye aliyemwinua askari yule ndiye aliyewaunganisha ninyi wawili mbele ya altare. Mungu azibariki nyumba zenu.