Al-Jazari: Fundi Aliyekutanisha Elimu na Kazi

Mtu wa pwani akifika Kitale huona mengi ya kumshangaza: baridi ya alfajiri, mashamba ya mahindi yasiyo mwisho, na Mlima Elgon uliojitanda upande wa machweo. Mimi, msomaji mpenzi, safari yangu ya huko ilinishangaza kwa kitu kidogo kilichoweza kukaa katika kiganja cha mkono.

Mwenyeji wangu ana mpwawe, kijana aliyemaliza shule ya sekondari, ambaye jamaa yake aliyeko Marekani alimletea maboksi mawili ya vigari vya plastiki vya kuunganisha. Ndani ya kila boksi mna bodi, fremu, injini, magurudumu na vipande vingine vidogo kama punje za mchele, na mwenyewe ndiye avibandikaye kwa gundi. Kijana huyu hakutaka vigari viwili. Alitaka kimoja: bodi na fremu ya Ford ya mwaka 1932 kutoka boksi la kwanza, na injini kubwa na matairi manene kutoka boksi la pili. Alikuwa akiigiza yale magari ambayo vijana wa California, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, waliyafanya kwa kuchukua Ford kuukuu, wakalivua madigadi na kulitia injini ya nguvu. Wamarekani huyaita hotirodi.

Taabu ni kwamba boksi moja lilikuwa la kipimo cha moja kwa ishirini na tano, na la pili moja kwa ishirini na nne. Kwa jicho huioni tofauti, lakini injini ilikataa kuingia, naye alikuwa amekwisha kubandika fremu na bodi kabla ya kujaribu. Nilimkuta amejiinamia, yu tayari kukitupa. Basi nikamsimulia habari za bwana mmoja aliyekufa zamani sana, nazo ndizo ninazozileta hapa leo.

Bwana huyo ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail bin Razzaz Al-Jazari. Nisba yake yatokana na Jazira, ile nchi iliyo baina ya mito ya Tigri na Frati, ambayo leo imegawanyika baina ya Uturuki, Syria na Iraq. Mwaka 570 Hijria, yaani kiasi cha mwaka 1174, aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuqi waliotawala Diyarbakir. Zama hizo ndizo za Salahuddin Ayyubi, aliyeurejesha mji wa Baitul-Muqaddas mwaka 1187. Al-Jazari alimtumikia kwanza baba, kisha mwana, kisha ndugu wa mwana huyo, Sultan Nasiruddin Mahmud. Robo karne nzima alikuwa fundi wa kasri.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vinavyojiendesha kwa maji, mizani na kamba. Iliyo mashuhuri zaidi ni saa ya tembo. Ndani ya tumbo la tembo mna tangi la maji, na juu ya maji laelea bakuli lenye tundu dogo. Maji hupenya tunduni taratibu, bakuli lazama kwa muda wa nusu saa, na kadiri lizamavyo ndivyo livutavyo kamba inayomgeuza karani aliyeketi mgongoni mwa tembo, na kalamu yake ikaonyesha muda uliopita. Bakuli likizama kabisa, kigololi huachiliwa kutoka juu. Ndege hulia, kigololi huingia kinywani mwa joka, joka huinama kwa uzito, na kule kuinama kwake ndiko kulivutako bakuli juu tena. Mpanda tembo naye hupiga pigo lake, na saa huanza upya.

Tazama sasa vilikotoka vipande vya saa hiyo. Tembo ni wa Bara Hindi, na bakuli la kuzama vilevile lilitumiwa huko kupimia wakati. Majoka yafanana na ya China. Ufundi wa maji una asili kwa Wayunani. Al-Jazari hakuficha deni lake: katika maandishi yake aliwataja waliomtangulia, wakiwamo ndugu watatu wa Baghdad waitwao Banu Musa, na saa iliyonasibishwa na Archimedes. Alichukua cha huyu na cha yule, akavipatanisha vikawa kitu kimoja chake mwenyewe.

Sultan Mahmud alikuwa akichukia kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi au kijakazi. Al-Jazari akamtengenezea mtumishi wa shaba mwenye birika. Maji yakatoka kwa kiasi cha haja, na yalipokwisha, mkono wa pili ukamnyooshea mfalme kitambaa, kioo na kitana. Tusifiche pia kwamba si yote aliyoyafanya yangependeza mbele ya masheikh. Makasri ya wafalme yalikuwa na karamu zake, na sehemu nzima ya kitabu chake inahusu vyombo vya karamu hizo. Fundi wa mfalme hufanya aliloagizwa.

Lakini kwangu mimi mashine zake za kupandishia maji zazidi yote. Alitengeneza pampu yenye pistoni mbili zinazosukumana kwa zamu, mmoja ukivuta maji na wa pili ukiyasukuma juu. Katika mashine nyingine alitumia krenki, ule mkono wa kombo unaogeuza mzunguko wa gurudumu kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Ndani ya injini ya gari krenki hufanya kazi hiyo hiyo kwa kinyume: pistoni zaenda na kurudi, nayo huuzungusha mhimili.

Mwisho Sultan akamwamrisha aandike yote aliyoyavumbua, yasije yakapotea. Mwaka 602 Hijria, sawa na 1206, kitabu kilikamilika, chenye vyombo 50 vilivyogawanywa katika mafungu sita. Jina lake moja ni Al-Jamiu baina l-ilmi wal-amali, yaani kinachokutanisha elimu na kazi. Aliona vitabu vya baadhi ya waliotangulia vimejaa mambo ambayo wenyewe hawakuyajaribu. Yeye alijaribu kila kitu. Alikata mfano wa karatasi kabla ya kugusa shaba, akatumia vielezo vya mbao, akapima tundu la maji tena na tena mpaka likatoa kiasi alichotaka. Magurudumu aliyapima uzito yasielemee upande mmoja, na mbao alizipanga tabaka juu ya tabaka zisipinde. Kisha akachora kila chombo na kukitia kila kipande herufi yake, ili fundi mwingine aweze kukiunda.

Na ilikuwa hivyo. Mwaka 1974 kitabu kilichapishwa kwa Kiingereza, kimefasiriwa na Donald Hill, aliyekuwa mhandisi. Mwaka 1976, wakati wa maonyesho makubwa ya Uislamu yaliyofanyika London, saa yake kubwa ya maji iliundwa upya kwa kufuata maelezo yake, nayo ikafanya kazi. Ilikuwa imepita miaka 770 tangu kalamu yake kuwekwa chini.

Siku mbili baadaye nilikuwa Bungoma. Watoto walikuwa wakiendesha magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa katika soli za ndara, na kando yao, katika gereji ya chini ya mti, fundi mmoja mzee alikuwa akisaga vali za injini kwa unga wa msasa uliochanganywa na mafuta, ili vali ilale barabara kitini pake na isivujishe. Nikasimama nikimtazama, kwani Al-Jazari naye alizisaga vali zake kwa msasa vivyo hivyo, zisipitishe maji. Nikamwuliza mzee yule ameyaandika wapi anayoyajua. Akacheka, akanionyesha kichwa chake.

Kicheko hicho kiliniuma, maana sisi watu wa pwani tumekwisha kulipa gharama yake. Tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, kikabeba boriti na nafaka baina ya Lamu na Unguja. Mafundi wake wakafa mmoja mmoja, na ilipofika kati ya karne ya ishirini hapakuwa tena na mtepe baharini. Waliotaka baadaye kuujua ulivyoshonwa ilibidi wakatazame picha za zamani na mitepe midogo ya mfano iliyowekwa makumbusho. Kitu kidogo kilichoundwa kwa vipimo, ambacho pengine mwenye nacho alikiona mchezo, ndicho kilichobaki kuwa shahidi. Hakuwako Sultan wa kuwaamrisha mafundi wetu waandike, nasi tuliokwenda chuoni tukajua kushika kalamu hatukuwaketisha tukawauliza.

Nilipokwisha kurudi Mombasa, mwenyeji wangu wa Kitale aliniletea habari. Kijana aliibandua fremu kwa wembe, pole pole, na kipande kimoja kikamvunjikia. Akakata mfano wake katika karatasi ngumu, akaujaribu, akaupunguza, ukakaa; ndipo akaunda kipande kipya. Injini imeingia. Boneti haifungiki, lakini hotirodi nyingi hutembea bila boneti, kwa hiyo hana wasiwasi. Tena amenunua daftari, na ukurasa wa kwanza ameandika vipimo vya kila alichokikata, pamoja na kosa lake la gundi.

Nimemwomba mwenyeji wangu, siku moja kijana akipata nafasi, ateremke naye Bungoma pamoja na daftari hilo, wakamtafute yule mzee wa vali.