Granville Sharp, Mtetezi wa Watumwa

Granville Sharp alizaliwa mwaka 1735 katika mji wa Durham, upande wa kaskazini wa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi mwenye cheo, lakini watoto wake walikuwa wengi, na Granville hakupelekwa chuo kikuu. Alipokuwa kijana alipelekwa London kujifunza kazi ya kuuza nguo za kitani. Hata hivyo hakuacha kusoma. Mwenzake mmoja alimbishia kwamba haelewi Maandiko kwa kuwa hajui Kiyunani. Basi akajifunza Kiyunani. Mwingine, Myahudi, akambishia vivyo hivyo kwa habari ya Kiebrania. Akajifunza na Kiebrania. Mwaka 1758 akawa karani katika ofisi ya serikali iliyoangalia silaha.

Siku zile Waingereza walikuwa wakichukua watu wengi kutoka Afrika ya Magharibi na kuwauza ng'ambo, wakalime mashamba ya miwa. Wenye mashamba waliporudi London walikuja na baadhi ya watumwa wao.

Mwaka 1765 Granville alikwenda kwa ndugu yake William, daktari aliyewatibu maskini bure. Mlangoni akamkuta kijana Mwafrika, jina lake Jonathan Strong. Bwana wake alikuwa amempiga kichwani kwa bastola hata akawa karibu kupofuka, kisha akamtupa njiani kama chombo kilichovunjika. Ndugu hao wakampeleka hospitali, naye akapona, wakamtafutia kazi.

Baada ya miaka miwili bwana yule akamwona Jonathan njiani, mzima, mwenye nguvu. Akamtamani tena, akamwuza kwa paundi 30, akamtia kifungoni mpaka merikebu iwe tayari. Jonathan akapeleka habari kwa Granville, naye akamwendea Meya wa London. Meya akasikiza shauri, akamwachilia kijana kwa kuwa hakuwa na kosa lo lote.

Ndipo Granville mwenyewe akashtakiwa kwa kumnyang'anya mtu mali yake. Mawakili wakamwambia kwamba hana njia, kwa maana tangu mwaka 1729 wanasheria wakuu wa serikali walikwisha sema kuwa mtumwa akifika Uingereza hawi huru. Granville hakuwa amesoma sheria hata kidogo, walakini hakukubali. Akatafuta vitabu vya sheria, akavisoma kwa muda wa miaka miwili, kila alipopata nafasi baada ya kazi yake. Hakuona po pote sheria ya Uingereza imruhusuyo mtu kummiliki mwenziwe. Mwaka 1769 akatoa kitabu juu ya jambo hilo, na wale waliomshtaki wakaiacha kesi yao.

Mwishoni mwa mwaka 1771 Mwafrika mwingine, James Somerset, aliyekuwa amemtoroka bwana wake London, alikamatwa akafungwa minyororo katika merikebu iendayo Jamaica, akauzwe huko. Rafiki zake wakaomba amri ya jaji, ile imlazimishayo mwenye kumfunga mtu amlete mbele ya mahakama na kueleza amemfunga kwa sheria gani. Somerset akaletwa, kisha akamwendea Granville kuomba msaada. Mawakili watano wakamtetea, na hoja zilizomo katika kitabu cha Granville zikawasaidia.

Jaji Mkuu, Lord Mansfield, aliona uzito wa shauri hilo. Ilisemwa mahakamani kwamba Waafrika walioko Uingereza walipata 14,000 au 15,000, na hukumu ya mmoja ingewagusa wote. Akajaribu kuwashauri wenye mtumwa wamwache huru wenyewe, wasikubali. Basi siku ya 22 Juni 1772 akatoa hukumu: hakuna sheria ya Uingereza impayo bwana ruhusa ya kumtoa mtumwa wake katika nchi kwa nguvu ili auzwe, kwa hiyo Somerset aachiliwe. Waafrika waliokuwamo mahakamani wakawainamia majaji kwa heshima, kisha wakapeana mikono kwa furaha. Granville hakuwapo, Somerset mwenyewe ndiye aliyemletea habari.

Hukumu hiyo haikuondoa utumwa katika makoloni, na hata Uingereza watu wengine waliendelea kunyakuliwa. Kwa hiyo Granville hakupumzika. Mwaka 1776 aliacha ukarani wake, asipende kupeleka silaha za kupigana na watu wa Marekani. Mwaka 1787 yeye na wenziwe walianzisha chama cha kupinga biashara ya watumwa, naye akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Mwaka 1807 Bunge likaikataza biashara hiyo. Granville akafa mwaka 1813, kabla ya sheria ya mwaka 1833 iliyoondoa utumwa katika sehemu nyingi za makoloni ya Waingereza.

Watu husema mnyonge hana haki. Granville Sharp hakuwa jaji wala wakili, wala hakuwa tajiri. Aliambiwa na wajuzi kwamba sheria imekwisha amua. Naye, badala ya kunung'unika, akaketi akaisoma sheria yenyewe.