Augustin Mouchot, Mwalimu Aliyelitumikisha Jua

Kila siku twaanika nguo na mahindi juani, lakini ni wachache wanaofikiri kwamba joto lile lile laweza kuendesha mashine. Mmoja aliyelifikiri jambo hilo maisha yake yote alikuwa mwalimu wa hesabu, Augustin Mouchot. Alizaliwa tarehe 7 Aprili, 1825, katika mji mdogo wa Semur-en-Auxois, nchi ya Ufaransa.

Mnamo mwaka 1860 alikuwa akifundisha katika shule ya Alençon. Wakati huo viwanda vilikuwa vikila makaa ya mawe usiku na mchana, naye akajiuliza watu watafanya nini siku makaa yatakapokwisha. Basi akatwaa chombo cha shaba, akakipaka rangi nyeusi ili kinywe joto, akakifunika kwa kioo ili joto lisitoroke. Kisha akaweka mabamba yenye kung'aa yaliyokusanya mwanga na kuutupa juu ya chombo. Maji yakachemka, mvuke ukapatikana. Mwaka 1866 alimwonyesha Kaisari Napoleon III mashine yake.

Lakini palikuwa na shida moja: jua halikai mahali pamoja. Mwanga ukianguka wima juu ya bamba, bamba hupata joto tele. Ukianguka mshazari, mwanga ule ule hutawanyika na joto hupungua. Kwa hiyo katika mji wa Tours alitengeneza kioo kikubwa mfano wa faneli, mdomo wake ukipita mita 2 na nusu kwa upana. Mhimili wake aliulaza sawasawa na mhimili wa dunia. Tours iko karibu digrii 47 kaskazini ya Ikweta, basi mhimili nao uliinuka digrii 47 kutoka ardhini. Kila saa kioo kiligeuzwa digrii 15, maana ndivyo dunia inavyozunguka. Tena kiliinamishwa kidogo kidogo kwa kufuata majira ya mwaka. Mwaka 1875 aliwaeleza wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Paris habari za kazi hiyo.

Mwaka 1877 alitumwa Algeria, ambako jua ni kali. Mwaka uliofuata, katika Maonyesho Makubwa ya Paris, mashine yake iligandisha maji yakawa barafu. Watu walistaajabu sana kuona moto wa jua ukileta baridi! Alipewa nishani ya dhahabu.

Hata hivyo furaha yake haikudumu. Reli zilileta makaa kwa bei nafuu, na serikali ikaona kwamba mashine ya jua haina faida. Msaada ukakoma. Bwana Mouchot akafa maskini mjini Paris, mwezi Oktoba, 1912, akiwa na umri wa miaka 87.

Je, alijisumbua bure? Hasha. Leo watu wengi wana masanduku ya kupashia maji moto juu ya mapaa yao, nayo yana bamba jeusi na kioo kama chombo chake. Sanduku haligeuzwi kila saa, basi fundi hana budi kuchagua mwinamo mmoja ulio mwema. Kanuni ni ile ile ya Tours: pima umbali wa mahali pako kutoka Ikweta kwa digrii. Sisi tulio karibu na Ikweta, jua hutupitia upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo sanduku lingelala karibu tambarare. Lakini huinuliwa kidogo, ili maji ya moto yapande kwenda kwenye tangi na mvua ioshe vumbi.

Methali yasema mvumilivu hula mbivu. Bwana Mouchot alivumilia, ila mbivu zake twazila sisi. Basi, wanafunzi wenzangu, tusiyadharau masomo ya pembe na digrii tunayofundishwa darasani, maana mwalimu mmoja aliyatumia kulitumikisha jua.