Victor Lundula, jenerali aliyetoka Likasi

Ukiuliza vijana wetu wa Likasi nani alikuwa jenerali wa kwanza wa jeshi la Kongo, wengi watajibu Mobutu. Hapana. Ni marehemu Victor Lundula, na cheo kilimkuta huku kwetu, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville.

Lundula alikuwa Mutetela wa Sankuru. Katika vita kubwa ya 1940-1945 alitumika katika Force Publique. Wazee wetu wanajua jeshi lile lilikuwa namna gani: maofisa wote Bazungu, na mtu mweusi, hata awe na akili ya kupita wakubwa wake, kupita cheo cha adjudant haikuwezekana. Kiisha vita akaja kukaa Jadotville, muji wa shaba, na mbele ya uhuru akakuwa bourgmestre.

Njo ikafika mwezi wa saba 1960. Tarehe 5, Jenerali Janssens akawaambia askari kwamba uhuru hautabadilisha kitu kwao. Ndani ya siku chache kambi za Léopoldville na Thysville zikawaka. Tarehe 8 serikali ya Lumumba ikamtoa Janssens, ikamuweka Lundula mkuu wa jeshi, na Mobutu kanali, mkubwa wa état-major. Wengine walisema ni juu ya kabila, kwani Lumumba naye alikuwa Mutetela. Inawezekana. Lakini wangemutwaa nani? Ofisa mweusi hakuwako hata mmoja, na huyu alijua bunduki, tena alijua kuongoza watu wa muji.

Shida yake ilikuwa fasi. Yeye alikuwa mbali, Jadotville. Mobutu alikuwa kando ya Lumumba. Tena tarehe 11 Tshombe akakata Katanga, muji wa jenerali mwenyewe ukabakia nje ya mamlaka yake! Mwezi wa tisa Kasavubu akamutoa Lumumba, na Lundula naye akapoteza kiti. Mobutu akakamata nguvu.

Lundula akaenda Stanleyville, akaongoza askari wa Gizenga. Sisi tunaona hapo ndipo alionyesha moyo wake: alipoona inchi inakatika vipande, akarudi upande wa serikali ya Adoula, na mwezi wa kwanza 1962 askari wake wakawashinda walinzi wa Gizenga. Ukubwa wa jeshi haukumurudilia. Ulibakia kwa Mobutu.