Charnley, mpasuaji aliyewarudishia mwendo wagonjwa wa nyonga

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, maradhi ya nyonga hayamngoji mtu azeeke. Kijana aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu huweza kufikisha miaka 20 akiwa tayari anachechemea, kwa kuwa chembe za damu yake zilizopinda kama mundu zimeviziba vijishipa vinavyokilisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa huo ukafa polepole ndani ya kikombe chake. Wapo pia waliovunjwa na pikipiki za bodaboda kwenye barabara ya kuelekea Isebania, wachimbaji dhahabu wa Nyatike walioangukiwa na kifusi, na wale ambao kifua kikuu kiliyaacha mapafu kikahamia kwenye nyonga au goti. Wengi wao, wanapofika hatimaye mbele ya daktari wa mifupa, huelezwa kwamba tiba iliyobaki ni moja: kukitoa kiungo kilichoharibika na kutia cha bandia mahali pake.

Tiba hiyo ina historia, na historia hiyo imefungamana na maisha ya mtu mmoja mkaidi wa kaskazini mwa Uingereza. John Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, jimbo la Lancashire, eneo la viwanda vya pamba. Baba yake alikuwa na duka la dawa; mama yake alikuwa amesomea uuguzi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka wa 1935, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, akakubaliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Si wengi waliopita mlango huo wakiwa na umri huo.

Vita Vikuu vya Pili vilimchukua jeshini mwaka wa 1940, na baadaye vikampeleka Misri. Huko Cairo aligundua kipaji ambacho chuo cha udaktari hakikuwa kimemfunza. Wanajeshi waliovunjika miguu walihitaji vyuma vya kuishikilia mifupa iungane, na vifaa vya kuwasaidia kutembea. Charnley akajikuta anashinda karakana pamoja na mafundi, akichora, akipima na kubuni vifaa vyake mwenyewe. Tangu hapo hakuutenga upasuaji na ufundi wa chuma. Nyumbani kwake aliweka mashine ya kukerezea, na baadhi ya vifaa vilivyoingia katika miili ya wagonjwa wake wa mwanzo vilipitia mashine hiyo.

Baada ya vita alirudi Manchester kufanya kazi chini ya Harry Platt, gwiji wa mifupa wa zama hizo. Tabia yake ya kujifanyia majaribio ilianza mapema. Mwaka wa 1946, alipokuwa katika hospitali ya Oswestry, alimshawishi mwenzake amkate kipande cha mfupa na kukipandikiza kwenye muundi wake mwenyewe, ili aone jinsi mfupa unavyoshika. Jeraha likaingia vijidudu, mfupa ukaoza, na ikabidi apasuliwe tena. Mtu mwingine angekomea hapo.

Kitabu chake cha kwanza, kuhusu kutibu mivunjiko ya mifupa bila kupasua, kilitoka mwaka wa 1950. Kitabu hicho kingali na manufaa makubwa kwa hospitali ambazo hazina chumba cha upasuaji cha kutegemewa, kwani kinaeleza jinsi ya kunyoosha mfupa kwa mikono na kuufunga plasta kwa namna itakayoushikilia. Cha pili, cha mwaka wa 1953, kilihusu kuyabana magoti yaliyoharibika hadi mifupa ishikane na kuwa kitu kimoja. Goti la namna hiyo halikunjiki tena, lakini haliumi. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha goti enzi hizo, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Hapo ndipo inapofaa kukumbuka hali ya mgonjwa wa nyonga kabla ya Charnley. Tiba zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Daktari aliweza kuigandisha nyonga isisogee, mgonjwa akaishi bila maumivu ila asiweze kuketi vizuri. Aliweza pia kukikata kichwa cha mfupa wa paja na kukitupa, mguu ukawa mfupi na mwendo wa kuyumba. Upasuaji huo bado hufanywa katika hospitali zisizo na njia nyingine. Nchini Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Judet walikuwa wameanza kuweka kichwa cha bandia cha plastiki ngumu katika miaka ya 1940. Kiliwapa wagonjwa matumaini, kisha kikaanza kulegea na kuvunjika.

Mgonjwa mmoja mwenye kifaa cha Judet ndiye aliyemfungua Charnley macho. Nyonga yake ililia kila alipoinama, mlio wa kukereza kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, hata mkewe akawa hawezi kuvumilia kukaa naye mezani. Wengine waliuchukulia mlio huo kama kichekesho. Charnley aliuchukulia kama taarifa: kama kiungo kinalia, basi kinakwaruza, na kama kinakwaruza, basi kila hatua ya mgonjwa inakilegeza kifaa ndani ya mfupa.

Akaenda kupima jinsi viungo vya wanyama vinavyoteleza, akakuta gegedu hai linateleza kuliko barafu juu ya barafu. Hakuna chuma kinachoweza kufanya hivyo kwa msaada wa ute wa mwilini peke yake. Hitimisho lake likawa kwamba kiungo cha bandia sharti kitengenezwe kwa vitu ambavyo kwa asili yake vinateleza. Akachagua kikombe cha Teflon, ile plastiki ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa kupakwa kwenye vikaango, na kichwa cha chuma cha pua.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza wenzake: akakipunguza kichwa hicho mpaka kikawa na kipenyo cha milimita 22 hivi, kidogo kuliko nusu ya kile cha asili. Anayeelewa ekseli ya baiskeli ataielewa hoja yake. Ekseli ikiwa nyembamba, nguvu ya msuguano inayotaka kuizungusha bushi ni ndogo. Ikiwa nene, bushi itang'olewa mahali pake. Kichwa kidogo kisingekivuta kikombe kutoka kwenye mfupa. Ili kuvishika vifaa hivyo alitumia saruji ya akriliki, iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno, kwa ushauri wa Dennis Smith, mtaalamu wa malighafi za meno pale Manchester. Saruji hiyo hainati kama gundi. Hujipenyeza kwenye vitundu vya mfupa na kuueneza uzito wa mwili.

Upasuaji wa mtindo huo ulianza mwaka wa 1958. Matokeo yalikuwa kama muujiza. Watu waliokuwa wamelala vitandani kwa miaka waliinuka na kutembea bila maumivu, na takribani wagonjwa 300 wakawekewa kikombe cha Teflon.

Muujiza huo haukudumu miaka mitatu. Teflon ikaanza kulika. Chuma kilikichimba kikombe, na unga wa plastiki uliomwagika ukauchochea mwili ujihami kwa kujenga uvimbe na kuula mfupa. Wagonjwa wakarudi mmoja baada ya mwingine, maumivu yakiwa yale yale ya awali au zaidi. Charnley hakuwakabidhi kwa wengine. Aliwapasua tena yeye mwenyewe, akitoa kwa mikono yake kile alichokuwa amekiweka, na waliomjua husimulia kwamba kipindi hicho kilimvunja moyo kuliko kingine chochote maishani mwake. Bila shaka alistahili lawama fulani: aliwawekea watu wengi mno kifaa ambacho muda ulikuwa haujakipima. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na kila alichofanya baadaye kina alama ya funzo hilo.

Mkombozi wake alikuwa fundi wake. Mwezi wa Mei 1962 mchuuzi mmoja wa plastiki za mitambo ya viwanda vya nguo alifika hospitalini na kipande cha polithini nzito. Charnley alikibonyeza kwa ukucha, akakiona laini, akakikataa. Fundi wake, Harry Craven, hakushawishika. Bosi wake alipokwenda Copenhagen, Craven alikitia kipande hicho kwenye mashine ya kupimia ulikaji, ikazunguka usiku na mchana. Baada ya wiki tatu polithini ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi na kuonyeshwa, alikubali papo hapo kwamba fundi ndiye aliyekuwa na haki.

Safari hii, hata hivyo, hakukimbilia chumba cha upasuaji. Alisaga Teflon na polithini zikawa unga, akajidunga kwenye paja lake mwenyewe, akangoja. Teflon iliacha vinundu. Polithini haikuacha kitu cha kutisha. Alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1963. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuwawekea wagonjwa vikombe vya polithini tangu Novemba 1962. Aliwafuatilia kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusu kifaa hicho kisambae, na kwa muda mrefu kampuni ya Thackray ya Leeds iliyokitengeneza haikumuuzia daktari ambaye hakuwa amepitia mafunzo kwake. Aliwaomba pia wagonjwa wake ridhaa ya kukichunguza kiungo pindi watakapoaga dunia, na wengi walikubali.

Mahali pa kazi hiyo palikuwa Wrightington, karibu na Wigan, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ambayo vitanda vyake vilianza kubaki wazi dawa mpya zilipofika. Charnley aliacha wadhifa wake Manchester akahamia huko kabisa. Adui wake wa pili alikuwa vijidudu, kwa kuwa nyonga ya bandia ikishaingia usaha, mara nyingi hulazimu kuitoa. Mwanzoni wagonjwa wapatao saba katika kila 100 waliambukizwa. Alijenga kibanda cha kioo ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka kutoka juu, na wapasuaji wakavaa mavazi yenye mirija ya kuondoa pumzi yao. Kiwango kikashuka hadi chini ya mmoja katika 100.

Magoti nayo yalifaidika. Frank Gunston, mpasuaji kutoka Kanada aliyekuja kujifunza Wrightington, aliunganisha chuma, polithini na saruji hiyo hiyo katika goti la bandia mwaka wa 1968.

Heshima zilifuata: tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka wa 1974, uanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi mwaka uliofuata, na hadhi ya Sir mwaka wa 1977. Alifariki tarehe 5 Agosti 1982, akiwa na umri wa miaka 70, akimwacha mjane, Jill, aliyemwoa mwaka wa 1957, na watoto wawili.

Katika miaka ile ile ambapo Charnley alikuwa akihangaika na Teflon, upande wa pili wa Ziwa Victoria, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Ronald Huckstep alikuwa akipambana na ulemavu wa polio kwa vyuma na viatu vilivyoundwa kwa malighafi nafuu, ili watoto waliokuwa wakitambaa wasimame. Njia hizo mbili zilitofautiana kwa sababu wagonjwa walitofautiana, na tofauti hiyo ingalipo.

Charnley alikibuni kifaa chake kwa ajili ya wazee wa Lancashire waliotaka kutembea hadi dukani na kulala usiku bila maumivu. Mgonjwa wa Rachuonyo au Suna ni mtu mwingine. Nchini Malawi, ambako daftari la kitaifa la viungo vya bandia lilianzishwa mwaka wa 2005, ilibainika kwamba kinachowafikisha wengi kwenye upasuaji wa nyonga ni kufa kwa kichwa cha mfupa, na wengi wao bado wana miaka mingi ya kufanya kazi. Mtu huyo atalima, atavuta nyavu, atachuchumaa chooni. Na kuchuchumaa ndiko kunakoweza kukichomoa kichwa kidogo kutoka kwenye kikombe chake. Mwenye selimundu ana hatari zaidi: mifupa yake huambukizwa kwa urahisi, na kupungukiwa na maji au hewa mezani pa upasuaji kunaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa wenyewe. Polithini iliyoimarishwa, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, hulika kidogo zaidi, lakini aliyewekewa nyonga akiwa na miaka 30 bado anapaswa kutarajia kupasuliwa tena.

Kwa hiyo madaktari wengi humshauri kijana asubiri kadiri anavyoweza kuvumilia, huku akitumia gongo na dawa za maumivu. Mtoto wa selimundu akitambuliwa mapema na kupewa haidroksiurea, mashambulizi ya ugonjwa hupungua. Pale ambapo subira haiwezekani tena, familia huitisha harambee, huuza ng'ombe, na mgonjwa hupandishwa gari kuelekea Tenwek kule Bomet, au Kijabe, au Nairobi. Huko atakutana na shina la chuma, kichwa cha mviringo na kikombe cha polithini ambavyo Charnley, kama angefufuka leo, angevitambua mara moja.