Marehemu Mbaraka Mwinshehe na Gitaa Lake

Wazee wa Ihanda waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 hawana haja ya kuelezwa nasi mlio wa gitaa la marehemu Mbaraka Mwinshehe. Kutoka Morogoro hadi Karagwe ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, lakini gitaa lile liliwafikia migombani kwao kwa mawimbi ya Redio Tanzania. Kwa ajili ya wale waliozaliwa baadaye, twaona yafaa kueleza habari zake.

Alizaliwa Mzenga mwaka 1944. Aliyaacha masomo ya sekondari akashika muziki, na katikati ya miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz. Morogoro siku hizo ulikuwa mji wa dansi hasa, maana ilikuwapo pia Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Mbaraka alitunga, akaimba, na kupiga gitaa la solo mwenyewe. Akisha kuimba, huliachia gitaa zamu yake, nalo hujibu kama mtu wa pili katika mazungumzo. Watu weusi wa kusini ya Marekani walifanya vivyo hivyo katika nyimbo zao za majonzi ziitwazo bluzi. Hatusemi kwamba aliiga kwao. Dhiki za kuimbiwa zilikuwapo hapa hapa, wala si bure kwamba wimbo wake uliovuma kupita kiasi, Tanzania na Kenya, uliitwa Shida.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi yetu katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 akaiacha, akaunda Super Volcano.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Redio Tanzania iliwarekodi wanamuziki kwa ajili ya kutangaza, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri yake iuzwe dukani hakuwa na budi kutegemea Nairobi. Kwa taifa lililojivunia utamaduni wake, huo tunauhesabu kuwa upungufu mkubwa. Tena Februari 1977 mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa, na wapenzi wa Mbaraka wakabaki huku na huku.

Januari 1979, akiwa Kenya kwa kazi yake, alipata ajali ya gari karibu na Mombasa akafariki, umri wake miaka 34. Barabara ilimchukua kama ilivyomchukua Salum Abdallah. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye ulikuja kuitwa Kagera, ulikuwa katika vita na majeshi ya Amin, na huko msiba huu uliwakuta watu wakiwa na misiba mingine.

Alizikwa Mzenga. Baadaye nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, nazo zilitolewa Nairobi.